Kwa nini tui hukatika: jibu kwa kijana anayetaka kufundisha sayansikimu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19, nakaa Kisauni. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, nilipata C+. Sayansikimu nilipata B-, Biolojia C+, Kiswahili B. Darasa letu la sayansikimu lilikuwa na wasichana kumi na mmoja na mvulana peke yangu. Nataka kuwa mwalimu wa somo hili. Mjomba, ambaye ndiye atakayenilipia karo, anasema si kazi ya mwanamume, na kama ni kupika niende chuo cha hoteli. Kwenye intaneti nimeona kozi za Marekani za ualimu wa "sayansi ya familia na watumiaji bidhaa". Je, ndiyo hiyo hiyo sayansikimu? Nipitie njia gani, na kwa mtaala huu mpya kutakuwa na kazi nikimaliza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mjomba, maana yeye ndiye mwenye mfuko.

Siku akikupeleka arusini, mtazamishe nyuma ya nyumba, kule kwenye masufuria ya pilau yanayoinuliwa na watu wawili. Ataona nani ameshika upawa. Kisha mpitishe mitaa ya mjini wanakoshonwa kanzu na buibui, amwangalie aliyekalia cherehani kibarazani. Mombasa hii wanaume wamepika na kushona tangu tuzaliwe, na hakuna aliyewacheka. Ni darasani tu ndipo tulipokubaliana, sijui kikao gani, kwamba mwiko na sindano ni vya wasichana.

Lakini kuhusu chuo cha hoteli, mjomba hakukosea kote. Kozi ya hoteli ni fupi na mshahara wa kwanza huja mapema. Shida yake anaijua yeyote mwenye jamaa kwenye hoteli za Nyali au Diani: Desemba hoteli hujaa, masika yakiingia Aprili vyumba vinabaki vitupu na vijana wanaambiwa wakae nyumbani hadi waitwe. Hilo muwekee mezani, alipime mwenyewe. Jambo kubwa zaidi ni kwamba hizi ni kazi mbili tofauti. Mpishi huhukumiwa kwa sahani yake. Mwalimu huhukumiwa kwa sahani ya mtoto wa mwenzake, aliyeshika kisu kwa mara ya kwanza wiki iliyopita.

Nikueleze nilivyolijua hilo, kwa aibu. Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, muhula wa pili, shule moja ya bara. Nilijiona fundi: nimezaliwa Mji wa Kale, nazi nimeanza kukuna kabla sijajua kusoma. Siku hiyo nikafundisha samaki wa kupaka. Mkaguzi wangu kutoka chuoni amekaa nyuma na daftari lake. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili tui likamkatikia: mafuta juu, maji chini, na vijibonge vyeupe vinaelea. Nikamwambia, "Hukukoroga." Akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, kukoroga kunazuia nini?"

Nilinyamaza. Mikono yangu ilijua. Mama alinifundisha kwa kunipiga kofi la mkono kila nilipouacha mwiko. Lakini kukoroga kunazuia nini, sikuwa na jibu. Mkaguzi akaandika. Mpaka leo nasikia ile kalamu.

Jibu lenyewe ni hili, na ulitazame vizuri kwa sababu ndani yake mna kozi nzima. Tui ni matone madogo mno ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji. Mafuta na maji havipendani. Kinachoyafanya matone yasiungane ni protini za nazi zinazoyazunguka kama ngozi nyembamba. Moto ukiwa mkali protini zile huganda, kama ute wa yai unavyoganda. Ngozi ikipasuka, matone yanakumbatiana, mafuta yanapanda juu. Ukikoroga, joto halirundikani sehemu moja chini ya sufuria, na matone yanaendelea kutawanywa. Ndiyo maana tui zito, kasimile, hutiwa mwisho na moto ukipunguzwa, na tui jepesi ndilo hutangulia kuchemka na chakula. Bibi zetu walikuwa na utaratibu sahihi, ila sababu yake hawakuihitaji. Wewe utaihitaji kila siku, kwa sababu darasani kuna watoto arobaini na mmoja wao lazima atauliza.

Sasa kuhusu jina. Ndiyo, ni somo moja, ila hadithi yake ndefu. Marekani kulikuwa na mkemia aliyeitwa Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, akahitimu mwaka 1873. Alipima maji ya kunywa, akachunguza vyakula vilivyochanganywa na takataka madukani, akasema nyumba nayo inastahili sayansi kama kiwanda. Mwaka 1899 yeye na wenzake walikutana Lake Placid, na mikutano ile ikazaa chama chao mwaka 1909. Wakaliita somo uchumi wa nyumbani. Mwaka 1994 chama kikabadili jina na kujiita cha sayansi ya familia na watumiaji bidhaa, kwa sababu walichoka kuambiwa kwamba wanafundisha keki. Naona wamefanya vyema kumtaja mtumiaji bidhaa. Hiyo ndiyo sehemu ya somo tunayoipuuza hapa kwetu, na ndiyo inayowagusa watu wengi zaidi. Nenda soko la Kongowea uangalie gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, lililobonyezwa tako likaingia ndani. Mnunuzi anadhani amepata mkebe mzima wa maharagwe. Mwanafunzi anayejua kupima uzito, kusoma tarehe ya mwisho ya matumizi na kutambua alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, na anayejua kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinamlinda, huyo umemfundisha kitu ambacho mama yake hakukipata jikoni.

Ila kozi ya Marekani ya mtandaoni usiinunue. Kule kila jimbo hutoa leseni yake ya ualimu, na leseni ya jimbo haikufungulii mlango wa TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu. Hapa shahada ya nje lazima kwanza itambuliwe rasmi, kisha bado utadaiwa masomo mawili ya kufundishia na mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa. Utalipa kwa dola na urudi kupanga foleni nyuma ya wenzako waliosoma Nairobi.

Njia ya hapa sasa. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa. Ili usajiliwe kama mwalimu wa sekondari mwenye shahada, TSC inataka C+ ya jumla katika KCSE, na C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Wewe una C+ ya jumla, B- ya sayansikimu na C+ ya Biolojia. Mwanangu, umepita kwenye tundu la sindano, lakini umepita. Chuoni nako TSC huhesabu: angalau kozi nane katika kila somo la kufundishia. Wako wanaomaliza miaka minne na somo la pili lina kozi sita, kwa sababu walichagua masomo ya hiari kwa kuangalia mhadhiri mpole ni yupi. Tangu mwaka wa kwanza weka orodha yako mwenyewe, usiingojee ofisi ya chuo ikuhesabie.

Chuo chenye mizizi mirefu katika somo hili ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Barabara ya Thika. Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kina idara ya sayansi ya familia na watumiaji bidhaa. Unapojaza maombi ya KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, soma jina la shahada neno kwa neno. Lazima iwe shahada ya elimu. Nalitilia mkazo kwa sababu ya msichana mmoja niliyemfundisha Kidato cha Nne, hodari kuliko mimi. Aliona shahada ya sayansi ya lishe, akasema si ndiyo ile ile? Akasoma miaka minne, akafaulu vizuri mno, akaja na cheti kutaka kufundisha. Hakusajiliwa. Wataalamu wa lishe wana taasisi yao inayowasajili, KNDI, na hiyo ni kazi ya hospitali na kliniki, kazi nzuri tu. Lakini ili aingie darasani alilazimika kurudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, na pesa nyingine. Akaamua kubaki hospitalini. Anafanya vizuri, ila kila tukikutana hunikumbusha kwamba sikumwambia.

Somo la pili liwe Biolojia. Najua Kiswahili ndicho ulichofaulu zaidi, na ningependa kukuona ukikifundisha. Lakini shule zenye sayansikimu ni chache, Biolojia iko kila mahali. Mwalimu mkuu asiye na jiko la mafunzo atakuchukua kwa Biolojia, na ukishaingia unaweza kumshawishi aanzishe jiko. Isitoshe masomo haya mawili yanalishana: usagaji wa chakula tumboni, vijidudu, ukuaji wa mtoto. Mchicha ukiupika na kukamua ndimu juu yake, madini ya chuma huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Ukishushia na chai ya rangi, chai inazuia sehemu ya chuma hicho. Kipindi kimoja, masomo mawili. Kemia usiitupe pia, utaikuta mwaka wa kwanza hata kama hukuichagua.

Nisikufiche kwamba C+ ni kizingiti tu. KUCCPS hupanga watu kwa pointi, na mwaka wenye waombaji wengi wenye B wanatangulia. Kwa hiyo weka chaguo la akiba. Hapa hapa kwetu kuna chuo cha walimu cha Shanzu, ambako stashahada ya ualimu wa msingi, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 mwaka 2021, ni miaka mitatu na inaanzia C. Utafundisha watoto wa Gredi ya 1 hadi 6, na kuanzia Gredi ya 4 sayansikimu imeunganishwa na kilimo na kuitwa Kilimo na Lishe. Kuna watu wanaoiona kama kushuka daraja. Mimi naona mtoto wa miaka kumi ndiye anayeshika kisu bila kiburi, na ndiye anayekwenda nyumbani kumkosoa mama kwa kutoosha mikono.

Hilo linatuleta kwenye swali lako la kazi. Mfumo wa 8-4-4, ule wa zamani uliosomea wewe, unaisha: KCSE ya mwisho ni ya 2027. Wewe ukimaliza, mtihani ulioufanya utakuwa umezikwa. Gredi ya 10 wa kwanza wameingia sekondari pevu Januari 2026, na kule sayansikimu imebaki somo kamili, upande wa sayansi tumizi, pamoja na Kilimo na Kompyuta. Mwanafunzi huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, haina tena sayansikimu kwa jina, lakini usafi, utayarishaji wa chakula na mishono ya mkono imo ndani ya somo la Kilimo, na walimu wengi wa Kilimo niliozungumza nao wanayajua mahindi kuliko sindano. Hapo pana mwanya. Ajira ya kudumu haiji mara moja. Mwaka 2023 TSC ilichukua maelfu ya walimu wanagenzi wa sekondari msingi kwa posho, na wengi walingoja sana kabla ya kuthibitishwa, hadi wakaandamana. Panga maisha yako ukijua kwamba mwaka wa kwanza au wa pili huenda ukawa wa posho. Kijana mwenye cherehani nyumbani huipita miaka hiyo bila kukopa.

Na cherehani ndiyo nataka tukae juu yake kidogo, kwa sababu naijua B- yako ilikotoka bila kuonyeshwa karatasi. Watoto wa Mombasa hatuanguki jikoni. Karatasi ya upishi, nusu saa ya kupanga na saa moja na robo ya kupika, mnaimaliza mkiimba. Mnaangushwa na ile ya ushonaji, saa mbili na nusu za kukata na kushona vazi dogo. Mnajiamini mno na mwiko, sindano mnaiacha hadi muhula wa mwisho. Kosa ni lile lile kila mwaka. Mwanafunzi anatandika karatasi za kukatia juu ya kitambaa apendavyo, ili kitoshe. Hatazami mtande unakwenda wapi.

Chukua leso yoyote ya mama yako. Ivute kwa kufuata mtande, zile nyuzi za urefu: haiongezeki. Ivute kwa upande wa mshindio: inaongezeka kidogo. Sasa ishike pembe kwa pembe, mshazari, uvute: inavutika kama mpira. Kola ikikatwa upande mmoja mtande na upande mwingine ukaponyoka kuelekea mshazari, itapinda hata ikishonwa na malaika. Mtahini huiona akiwa mlangoni. Dawa yake ni kupiga mstari wa chaki sambamba na ukingo wa kitambaa kabla mkasi haujagusa chochote, na kupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya mkono, kabla ya kupitisha mashine. Wanafunzi huona bandi ni kupoteza wakati. Mimi niliwahi kumpima mmoja kwa saa: bandi ilimchukua dakika nne, na kufumua mshono aliokosea bila bandi kulimchukua kumi na moja.

Basi miezi hii kabla ya kujiunga usiipoteze kwa kozi za simu. Tafuta fundi, mwombe ukae kwake asubuhi mbili kwa wiki, ufagie na ufumue. Mafundi wengi watakuuliza unataka nini hasa. Waambie unataka kuuliza maswali, watacheka, watakubali.

Upande wa jiko, nunua mizani ndogo ya jikoni na daftari. Kaa na mama au shangazi anapokanda mahamri. Atasema tia unga kiasi, sukari kiasi, tui mpaka uone. Kabla hajatia, mwombe apitishe kila konzi kwenye mizani. Andika. Andika na muda wa kuumua, na kama siku hiyo kulikuwa na joto au upepo wa kusi, maana hamira hula sukari na kutoa hewa upesi zaidi kukiwa na joto. Siku ya tatu kanda wewe kwa kufuata daftari tu, mama akiwa ametoka. Yakifura, umepata maelekezo ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata. Yakiwa magumu kama jiwe, rudi uangalie ulisahau kuandika nini. Kwa kawaida ni jinsi ya kukanda: mkono wa mama unajua unga umelegea hadi wapi, na wewe hukupata neno la kuueleza. Kulitafuta neno hilo ndiyo kazi ya ualimu wa somo hili, na andalio la somo utakaloandika chuoni ni daftari lile lile likiwa limevaa tai.

Kisha tafuta mtoto wa jirani, umfundishe kutia kifungo. Usimsaidie kwa mkono. Mikono yako iweke nyuma, tumia mdomo peke yake. Utaona ilivyo vigumu. Mimi nilipoanza sikuweza kukaa dakika mbili bila kumnyang'anya mtu sindano.

Ukishafika chuoni utakutana na saikolojia, falsafa ya elimu na mambo mengine ya ukumbini. Yapite vizuri, hayana shida kubwa. Mazoezi ya kufundisha ndiyo ya kuyaogopa kidogo. Unaweza kupelekwa shule isiyo na gesi, isiyo na tanuri, ina meza mbili na jiko la makaa. Jifunze mapema kuoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga chini, mfuniko juu na makaa juu ya mfuniko. Jaribu nyumbani mara kadhaa ujue mchanga unachukua dakika ngapi kushika moto, la sivyo kengele italia na keki bado uji. Na hamira ijaribu kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari siku iliyotangulia. Isipotoa povu ndani ya dakika kumi hivi, itupe. Hiyo nayo niliijua mbele ya darasa.

Kama pesa za mjomba hazitatosha, omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, mara tu upatapo nafasi. Usingoje muhula uanze.

La mwisho ni dogo lakini limewachelewesha wengi. Angalia jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha KCSE. Huku pwani tuna Mohamed na Mohammed, Ali na Aly, na jina la babu linaloonekana hapa na kupotea pale. TSC itataka yote yalingane, pamoja na cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi. Ukikuta herufi imezidi, anza kuirekebisha wiki hii.